Uzi maalumu: Kuchora ukuta wa chumba cha mtoto kwa mtindo wa Tingatinga, kuanzia lipu hadi nukta ya mwisho

Msasa220 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Maswali ya kuchora ukuta wa chumba cha mtoto yamezagaa kwenye nyuzi za ujenzi, jibu moja huku, nusu jibu kule. Tuyakusanye hapa. Nitashika mfano mmoja ili hesabu zisituchanganye: ukuta wa upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.7, nyumba ya tofali za saruji, lipu, puti (unga laini wa kusawazisha ukuta) juu yake, kisha rangi ya maji. Mchoro ni wa Tingatinga: twiga, tembo, kanga wawili watatu, mbuyu mmoja, na anga inayokolea kadiri inavyopanda.

Nimechagua Tingatinga kwa sababu haidai mkono wa aliyesomea sanaa. Maumbo ni bapa, yamezungushiwa mistari, yamejazwa nukta. Hakuna kivuli cha kuhangaikia wala sura ya mtu ya kufananisha. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 pale Dar es Salaam alichorea vipande vya ubao kwa rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli. Sisi tunafuata mtindo, ila rangi tunabadili. Sababu tutazifikia.

Kabla ya mchoro, ukuta. Picha nyingi za vyumbani zinazobanduka zimeponzwa na kilicho chini yake: ukuta mbichi, wenye vumbi au wenye mafuta. Upime hivi:

Kiganja. Sugua ukuta kwa kiganja kikavu. Kikitoka cheupe, kuna unga wa puti au chokaa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukauke, kisha paka praima (rangi ya awali inayotangulia rangi yenyewe) ya maji ya kushikisha unga.

Tepu. Bandika tepu ya karatasi ya urefu wa sentimita 15 hivi, ikandamize vizuri kwa kidole gumba, halafu ivute kwa ghafla. Ikija na magamba ya rangi, rangi ya zamani haijashika, na chochote utakachopaka juu yake kitaondoka nayo.

Spiriti. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua sehemu moja kwa nusu dakika. Rangi ikilainika na kutia pamba rangi, ni ya maji. Isipotoka kitu, ni ya mafuta, na hiyo ina matayarisho yake.

Nailoni. Kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani pande zote nne kwa tepu pana, iache usiku kucha, isipungue saa 16. Ukikuta jasho upande wa ndani, ukuta una maji. Usichore.

Lipu mpya isubiri wiki 4 kwa uchache, na kipindi cha masika ongeza. Saruji changa bado ina alkali kali: rangi ya mafuta juu yake hugeuka kama sabuni na kulainika, na baadhi ya rangi za maji hupauka kwa mabaka. Asiye na subira atumie praima ya kuzuia alkali, lakini hata hiyo haizuii maji yaliyomo ukutani.

Karibuni.

Mama Zuu

Asante kaka Msasa. Chumba cha mwanangu nusu ya chini ya ukuta ina rangi ya mafuta, kimo cha mita 1.2 hivi, juu ni rangi ya maji. Fundi anasema tupake tu nyeupe juu ya yote tuanze kuchora. Sawa?

Msasa220

Si sawa, dada. Rangi ya maji juu ya ya mafuta inayong'aa haina pa kushika. Siku za mwanzo utaiona nzuri, halafu mtoto ataivuta kwa kucha, itoke kama ngozi ya nailoni. Fanya hivi:

Osha nusu hiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza mara mbili. Ukuta wa chumba cha mtoto huwa na mafuta ya nywele, hasa kandokando ya kitanda. Ukikauka, piga msasa namba 180 wa maji, ukiulowesha, mpaka mng'ao wote uishe na ukuta uonekane umefifia. Futa. Kisha paka praima ya kushikisha, mkono mmoja (yaani tabaka moja), iache usiku mmoja. Ule ukingo wa mita 1.2 ambapo rangi mbili zinakutana una ngazi ndogo. Upige puti nyembamba upana wa sentimita 15, sugua kwa namba 220, la sivyo mwanga wa dirisha utakuchorea mstari katikati ya tembo.

Kolea_Taratibu

Naongeza hapo kwa Mama Zuu, na hili si la kupuuza. Ikiwa rangi hiyo ya mafuta ni ya miaka mingi, usiisugue kavu. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na chungwa, zilikuwa zikiwekwa madini ya risasi, na vumbi lake ndilo linaloingia kwa mtoto kupitia vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo:

msasa wa maji tu, nailoni sakafuni, mtoto na mama mjamzito wasikanyage chumbani mpaka usafi uishe, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe, vitambaa na msasa vifungwe kwenye mfuko vitupwe.

Na unaponunua rangi mpya angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), au KEBS (la Kenya) kwa walio Kenya, na kopo lenye maandishi kwamba halina risasi. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi iliyopimwa upya kwenye chupa za maji sokoni, haina lebo, haina jina, usiingize chumba cha mtoto hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Ngosha wa Mabatini

Mkuu Msasa, mimi ukuta wangu chini kabisa, kama futi moja na nusu kutoka sakafuni, unatoa unga mweupe. Nimeuosha, umerudi. Nimepaka rangi, imevimba. Nifanyeje?

Msasa220

Hiyo ni chumvi, Ngosha. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi au yanavuja kutoka bomba la bafu lililo upande wa pili, yanayeyusha chumvi za saruji na mchanga, yakifika juu ya ukuta yanakauka na kuiacha chumvi hapo. Ukiosha kwa maji unaiyeyusha tena inarudi ndani, ndiyo maana haiishi. Isugue kavu kwa brashi ngumu, zoa, tupa.

Kisha tafuta chanzo. Nje: je, udongo umepanda juu ya usawa wa sakafu? Maji ya paa yanadondokea chini ya ukuta? Ndani: bafu liko nyuma yake? Rekebisha hilo, bandua lipu iliyooza mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, piga lipu upya, subiri, rudia kipimo cha nailoni. Rangi ya kuzuia maji ukiipaka upande wa ndani peke yake haiondoi maji, inayasukuma yapande juu zaidi.

Kama huna bajeti ya msingi mwaka huu, hamisha mchoro. Anzia mita 1 kwenda juu, au tumia ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba viwili.

Kisauni Kwetu

Salaam ndugu zangu. Huku Mombasa tatizo letu ni la kuhamisha mchoro kutoka karatasini kwenda ukutani. Wengine wanasema projekta, wengine miraba. Ipi bora?

Mchora Mbuyu

Ndugu Kisauni, kwa chumba cha kawaida miraba inashinda. Projekta nyingi za kawaida, ukiiweka mita 3 kutoka ukutani, zinatoa picha yenye upana wa mita 2 tu. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 huwezi kurudi nyuma zaidi. Itabidi upige picha vipande viwili, na maungio hayalingani kirahisi. Ukiinamisha projekta kidogo tu, twiga anatanuka juu anabana chini. Na ukisimama kuchora unajizibia mwanga mwenyewe.

Miraba kwa ukuta wa mfano wetu ni hivi. Chukua karatasi ya A3, chora mstatili wa sentimita 36 kwa 27. Hapo sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 10 za ukuta, hakuna kikokotoo. Gawa kwa miraba ya sentimita 3. Ukutani kila mraba utakuwa sentimita 30. Upana unatoa miraba 12, kimo miraba 9, jumla 108. Andika herufi A hadi L juu na namba 1 hadi 9 pembeni, karatasini na ukutani (ukutani andika kwenye vipande vya tepu). Chora mraba kwa mraba: mstari wa mgongo wa tembo unaingia D6 kupitia katikati ya upande wa kushoto, unatoka juu kulia, basi.

Usipime kutoka darini wala sakafuni. Nyumba zetu dari linaweza kushuka sentimita 2 au 3 kutoka kona hadi kona. Ning'iniza timazi (uzi wenye kizito mwishoni) karibu na katikati, chora mstari wima mmoja, kisha kwa pima maji chora mlalo mmoja unaoukata. Kutoka hapo gawa kushoto, kulia, juu na chini. Kuhakiki pembe: pima sentimita 90 kwenye mlalo, 120 kwenye wima, umbali kati ya ncha hizo lazima uwe 150. Ukipata 152, rudia.

Kisauni Kwetu

Ahsante sana. Na mistari yenyewe uchore kwa nini? Chaki?

Mchora Mbuyu

Chaki inaacha unga unaozuia rangi kushika, na uzi wa chaki nyekundu ndio usiuguse kabisa, doa lake linapenya. Penseli ya HB, mkono mwepesi, au penseli za rangi zinazoyeyuka kwa maji, bluu nyepesi. Maka za wino wa kudumu marufuku: wino wake unapanda kupitia rangi ya maji, unapaka mkono wa tatu bado unauona. Kalamu ya wino vilevile. Mistari ya penseli kwenye maeneo yatakayokuwa ya njano ipunguze kwa kifutio kabla hujapaka, kwa sababu njano haifichi kitu.

Msasa220

Kabla hujachora hata mraba mmoja, simama mlangoni uangalie samani. Kitanda kinafunika sentimita 50 hadi 60 za chini. Chandarua kikifungwa kinafunika karibu ukuta wote wa kichwani, kwa hiyo usiweke kazi yako bora nyuma ya kitanda. Chagua ukuta wa mbele ya kitanda au wa pembeni. Swichi na soketi zikae kwenye anga au kwenye shina la mbuyu, zisikae usoni pa mnyama. Kabati likifunguka linaziba nini? Na macho: wanyama wa Tingatinga wana macho makubwa meupe, mtoto wa miaka 2 anaweza kuyaogopa taa ikiwa hafifu. Yapunguze, au mnyama atazame pembeni.

Mama Zuu

Sasa rangi. Ninunue kiasi gani? Sitaki kurudi dukani kila siku.

Kolea_Taratibu

Mama Zuu, ukuta ni 3.6 × 2.7, yaani mita za mraba 9.72. Lita moja ya rangi ya maji kwenye puti laini inapaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Kwenye lipu isiyopigwa puti shika 7 au 8.

Praima lita 1.

Rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, aina ya kuoshwa, galoni moja ya lita 4. Lita 1 ni mkono wa kwanza mweupe. Lita 2 na nusu ni anga na ardhi, mikono miwili. Nusu lita inayobaki ni ya kuchanganyia na kufunikia makosa.

Rangi za wanyama: nusu lita ya njano, nusu lita ya nyekundu, nusu lita ya bluu, nusu lita ya nyeusi, robo ya kahawia ya udongo. Kijani utachanganya mwenyewe. Duka lenye mashine ya kuchanganya rangi likutolee njano na nyekundu zilizochanganywa kwenye besi ya rangi kali, siyo kwenye nyeupe.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Watu wanachukua nyeupe, wanamiminia zile chupa ndogo za rangi ya kukolezea wakitafuta nyekundu. Wanapata waridi, wanaongeza, wanapata waridi lililokolea, wanaongeza tena. Chupa zile hazina gundi ndani yake. Ukipita mililita 50 kwa lita moja, rangi inachelewa kukauka, inabaki na unata, na ukiigusa inakutia doa kidoleni. Kwa samawati na kijani chepesi chupa zinatosha. Kwa nyekundu, njano kali na nyeusi nunua iliyokolezwa kiwandani au dukani, au akriliki za wachoraji kwa maeneo madogo.

Brashi: bapa ya inchi 2, bapa ya inchi 1, za duara namba 12 na namba 6, na moja nyembamba ya nywele ndefu kwa mistari. Zote za nailoni. Nywele za asili zinanyonya maji, zinalegea, mstari unatawanyika. Rola ndogo ya sponji ya inchi 4 na brashi ya inchi 4 kwa anga.

Ngosha wa Mabatini

Hiyo anga inayokolea inafanywaje? Mimi naona mistari mistari kama bendera.

Kolea_Taratibu

Gawa kimo cha mita 2.7 kwa mikanda 5, kila mmoja sentimita 54. Changanya vikombe vitano, nusu lita kila kimoja: cha kwanza juu kabisa kimekolea bluu, cha tano chini ni karibu cheupe. Mpangilio: changanya cha 1 na cha 5 kwanza, kisha nusu kwa nusu upate cha 3, kisha 1 na 3 upate cha 2, na 3 na 5 upate cha 4. Ukianza kukisia kila kikombe peke yake utapata ngazi zisizolingana.

Kazi ni ya watu wawili. Mmoja anapaka kwa rola, anaanza mkanda wa juu, anashuka. Wa pili anamfuata na brashi ya inchi 4 iliyo karibu kavu, anachanganya pale mikanda inapokutana, sentimita 10 juu na 10 chini, kwa mapigo ya mkato kama alama ya X. Muda ulio nao kwa joto la Dar ni kama dakika 10. Kwa hiyo zima feni, funga pazia upande wa jua, fanya asubuhi au jioni, ongeza maji asilimia 5 hadi 10 kwenye rangi, na weka chupa ya kunyunyizia maji karibu uulainishe ukuta kidogo kabla ya mkanda.

Rangi ikianza kung'ang'ania brashi, acha. Usirudi. Ukirudi unaichuna na unaacha kovu linaloonekana hata baada ya mkono wa pili. Subiri saa 4, rudia ukuta wote. Mkono wa pili ndio unaofuta mistari. Watu wengi wanakata tamaa kwenye wa kwanza.

Ukitaka upeo wa machweo, njano au chungwa chini na bluu juu, weka mkanda mweupe katikati. Njano ikigusa bluu moja kwa moja unapata anga ya kijani.

Mchora Mbuyu

Baada ya anga kukauka, usiku mzima, ndipo miraba ichorwe juu yake. Wanaochora miraba kwanza wanaifunika wenyewe.

Halafu mfuatano wa Tingatinga ni huu. Kwanza jaza umbo lote la mnyama kwa nyeupe, mikono miwili. Ndiyo, hata tembo. Njano na nyekundu zinapenyeza mwanga. Twiga wa njano juu ya anga ya bluu moja kwa moja atakuwa na rangi ya limau bichi hata ukipaka mikono minne. Juu ya nyeupe, miwili inatosha. Kisha rangi bapa. Kisha mabaka na michirizi. Kisha nukta. Mstari mweusi wa kuzungusha mwisho kabisa, kwa sababu ndio unaosafisha kingo zote ulizotetemeka.

Kwa mstari, nyeusi ichanganye na maji mpaka idondoke kutoka kwenye brashi kwa uzito wa maziwa. Ikiwa nzito inakatikatika, ikiwa nyepesi sana inatiririka. Kidole kidogo kikae ukutani kama nguzo, mkono wote utembee kutoka begani, siyo kifundo. Mgongo wa tembo uvute mara moja kutoka shingo hadi mkia. Ukisimama katikati panabaki fundo.

Mama Zuu

Nukta zangu nimejaribu kwenye kipande cha ubao, zinaanza kubwa zinaisha ndogo. Na nyingine zinateleza.

Mchora Mbuyu

Dada, hapo ndipo rangi ya maji inatofautiana na ya mafuta. Ya mafuta ni nzito, nukta inakaa mviringo na kuinuka kidogo. Ya maji inalala na, ukiiweka maji, inateleza. Kwa nukta usiongeze hata tone la maji. Imimine kwenye kifuniko, iache wazi dakika 15 ipunguze maji yake yenyewe, koroga.

Kifaa si nywele za brashi, ni kitako cha mpini. Mpini wenye kipenyo cha milimita 6 unatoa nukta ya milimita 7 au 8. Kwa ndogo tumia njiti ya kibiriti upande usio na baruti. Chovya milimita 2 tu, gusa kifuniko mara moja kuondoa tone, kisha gusa ukuta wima, ondoa wima. Ukiinamisha, nukta inapata mkia. Mchovyo mmoja, nukta moja. Ukitaka kanga wako apendeze, tumia huo upungufu kwa makusudi: chovya mara moja, gonga nukta nne kutoka mgongoni kushuka tumboni, zinapungua zenyewe, mwili unaonekana umejaa. Safu ya pili ianzie kati ya nukta mbili za safu ya kwanza, siyo chini yake.

Nukta nyeupe juu ya nyeusi zinahitaji nyeusi iliyokauka usiku mzima. Ikiwa bado changa inavuta weusi ndani, nukta zinageuka kijivu.

MjiMkongwe

Assalaam aleikum jamaa. Miye niko Unguja, nyumba ya mawe na chokaa, kuta nene. Hizo praima na puti zenu nikizipaka huku zinafura na kuanguka na chokaa yake. Chumba cha wanangu nifanye nini?

Msasa220

Waaleikum salaam shekhe. Swali zuri, maana yote tuliyosema juu ni ya ukuta wa saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unanyonya unyevu na kuutoa kupitia usoni mwake. Ukiufunika kwa rangi yenye ngozi ya plastiki, maji yanakwama nyuma yake na yanaisukuma pamoja na chokaa. Lipu ya saruji juu ya ukuta huo ni mbaya zaidi.

Chora kwa chokaa yenyewe. Chokaa iliyolowekwa ichujwe kwa kitambaa, ichanganywe na maji mpaka iwe nyepesi, ipakwe mikono mitatu au minne myembamba, ukuta ukiloweshwa kabla ya kila mkono. Rangi ziwe zinazostahimili chokaa: udongo mwekundu, udongo wa njano, nyeusi, yaani zile za oksidi ya chuma. Bluu ya unga ya kufulia, ile ya ultramarini, inastahimili. Bluu ya Prussia inauawa na chokaa, inageuka kahawia. Unga wa rangi usizidi sehemu 1 kwa 10 ya chokaa, ukizidi unatoka kwenye nguo.

Chokaa ikiwa mbichi inaonekana imekolea mno, ikikauka inapauka sana. Paka kipande cha majaribio, subiri kesho yake ndipo uhukumu. Vaa miwani na glavu, chokaa inachoma macho. Na kama nyumba iko ndani ya eneo la urithi la Mji Mkongwe, ukuta wa nje usiuguse bila kuuliza mamlaka ya hifadhi.

MjiMkongwe

Ahsante. Na tepu zinanata huko?

Msasa220

Hazinati, na zikinata zinabandua. Chora kingo kwa mkono. Hata kwenye puti ya jipsamu, kabla ya kubandika tepu ibandike kwanza kwenye suruali yako mara mbili ipungue gundi. Ili rangi isipenye chini ya tepu, piga ukingo wake kwa rangi iliyo chini tayari, ikauke, kisha ndiyo uweke mpya. Ivute rangi ikiwa bado mbichi kidogo, kwa kuikunja nyuma, taratibu.

Kisauni Kwetu

Vanishi mnasemaje? Mimi nataka ukuta wa kufutika.

Kolea_Taratibu

Vanishi ya maji, isiyong'aa, mikono miwili myembamba, siku 7 baada ya rangi ya mwisho. Ile ya mafuta inageuka njano, anga yako ya bluu inakuwa kijani kibichi ndani ya muda mfupi, na harufu yake inakaa.

Mchora Mbuyu

Hapo tunatofautiana. Kwa pwani, vanishi mara nyingi inaleta taabu kuliko faida. Hewa ikiwa na unyevu mwingi inabaki na ukungu mweupe, na juu ya nyeusi unauona wazi. Ukikosa kukoroga, unga wa kupunguza mng'ao unakaa chini ya kopo, basi nusu ya ukuta inang'aa nusu haing'ai. Na siku ukitaka kurekebisha kipande, rangi mpya haishiki juu ya vanishi mpaka upige msasa. Nunua rangi ya kuoshwa tangu mwanzo, ongeza mkono wa tatu kwenye mita 1 ya chini, inatosha.

Kolea_Taratibu

Sawa kwa anga na mbuyu. Lakini rangi zilizokolezwa sana, nyekundu na nyeusi, zinaacha doa kwenye kitambaa cha maji hata zikiwa za kuoshwa. Pale mtoto anapofika kwa mkono, mita 1.2 kushuka, mimi napaka. Koroga polepole usitie mapovu, paka mchana wenye jua, mkono mwepesi, na usirudi juu ya sehemu iliyoanza kukauka. Ukungu ukitokea kwenye mkono wa kwanza, usiongeze wa pili, subiri siku kavu.

Vyovyote utakavyochagua, ukuta usifutwe kwa maji kabla ya wiki 3 au 4. Rangi ya maji inakauka kwa saa chache ila kukomaa inachukua wiki.

Mama Zuu

Na mtoto alale lini humo?

Msasa220

Rangi ya maji peke yake, siku 2 hadi 3 madirisha wazi mchana na usiku. Ukipaka vanishi, hesabu upya kutoka hapo. Ukiingia asubuhi na chumba kilifungwa usiku, kama pua inasikia rangi, bado.

Twiga wa Mama Zuu anaweza kuwa kipimo cha urefu. Shingo ichore wima kabisa kwa timazi, alama kila sentimita 5 kuanzia 60 hadi 150, na upime kutoka juu ya vigae, siyo kutoka juu ya ubao wa pembeni ya sakafu. Kama bado hujaweka vigae, ongeza unene wa kigae na saruji yake, kama sentimita 3 hadi 4, vinginevyo mtoto ataonekana amerefuka ghafla siku vigae vikiingia.

Ngosha wa Mabatini

Nikimpa fundi anichoree, tukubaliane vipi?

Mchora Mbuyu

Kwa mita ya mraba ya eneo lenye mchoro, siyo kwa "ukuta". Anga tupu iwe na bei yake, ya chini. Muandike: nani ananunua rangi, matayarisho ya ukuta yamo au hayamo, mikono mingapi, mchoro upi (karatasi yenye miraba iambatanishwe), na marekebisho mangapi bila malipo. Malipo ya kwanza baada ya ukuta kutayarishwa na kupimwa kwa tepu, siyo kabla. Katuni za kwenye televisheni mwambie asichore moja kwa moja ukutani, mtoto anazichoka. Ziwe kwenye kipande cha ubao kinachoning'inizwa, mbuga ibaki.

Kisauni Kwetu

Swali la mwisho kutoka kwangu: rangi zilizobaki zinahifadhiwaje?

Kolea_Taratibu

Chupa ndogo za kioo zenye kifuniko cha kukaza, zijazwe mpaka juu kabisa, hewa ndiyo inayotengeneza ngozi. Nailoni kati ya mdomo wa chupa na kifuniko. Andika kwenye lebo: jina la rangi, namba ya mchanganyiko ya dukani, tarehe, na imepakwa wapi, mfano "mwili wa twiga". Weka chini ya kitanda cha wageni au popote penye kivuli, siyo stoo ya bati. Ikinuka yai bovu imeoza, tupa. Unaporekebisha, paka umbo zima kutoka mstari hadi mstari, usiweke kiraka katikati. Rangi ya ukutani itakuwa imeshapauka kidogo na kiraka kitaonekana.

Mama Zuu

Nimeenda na orodha dukani leo, praima ya kushikisha hawana, wana ya alkali tu. Nichukue hiyo kwa ile nusu ya mafuta?

Msasa220

Hapana. Hiyo ni ya saruji na puti, kazi yake nyingine. Itumie nusu ya juu ukipenda. Kwa ya chini tafuta duka lingine, na usianze chochote mpaka uipate.